Bwana Harusi Amekwenda Kagera

Kalemie, 21 Novemba 1978

Mama Assumani,

Salamu yangu ya leo ni fupi, utanisamehe, sababu hasira imenishika.

Siku ya jumamosi nyumba yangu ilijaa watu. Wanawake wa mutaa walitwanga majani ya sombe toka alfajiri. Imamu alikuja, akaketi, akanywa chai, akangoja, akanywa ingine. Shemeji yangu Casimir, kaka ya mke wangu Angélique, alileta ngombe dume toka kule Pepa. Alimushusha mulima kwa miguu mpaka Moba, akamupandisha mashua, na katika mashua ile ngombe alimukanyaga mama moja kidole cha muguu, na mama ule sasa ananidai dawa mimi. Yote hii niliivumilia. Harusi ni harusi.

Binti yangu Mosi alikuwa amekwisha kupakwa hina. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mwana wako.

Unajua kazi yangu. Mimi njo ninashika kamba za meli bandarini, hakuna muntu anashuka bila mimi kumuona. Meli ya Kigoma ilifika. Walishuka wenye mafuta ya mawese, walishuka wenye chumvi ya Uvinza, alishuka hata mwendawazimu moja ambaye Kigoma walimufukuza. Assumani hakushuka. Hakuna barua, hakuna muntu wa kuniambia, hata uongo hakuniletea!

Wewe umezaliwa hapa Kalemie, mume wako marehemu alikuwa rafiki yangu, na Assumani nilimubeba mimi kwa mukono wangu kabla hamujavuka ziwa mwaka ule wa uasi. Ndiyo maana nilipokea posa yake bila kuuliza maswali mengi. Sasa ninauliza. Iko wapi mutoto ule?

Ngombe amefungwa nyuma ya nyumba. Anakula matembele ya jirani. Ninangoja jibu.

Ramazani, baba ya Mosi


Ujiji, 30 Novemba 1978

Papa Mosi, mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilifunika uso kwa kanga. Una haki ya kukasirika. Lau ningekuwa mimi ndiye niliyetwanga sombe, ningeandika makali zaidi ya hayo.

Assumani alishikwa na homa kali siku chache kabla ya safari. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nilimkataza kusafiri. Nilidhani kijana mmoja muuza sabuni angekuletea habari, kumbe naye hakuvuka.

Nawaomba radhi nyote, wewe, mama yake Mosi, imamu, na huyo bwana Casimir aliyetoka mbali. Mwambie Mosi asivunjike moyo. Tupeni muda kidogo, na siku mpya tutaipanga.

Hapa sukari ni ya shida na mafuta ya taa pia, lakini tunashukuru.

Mama Assumani

Nimesahau: lori analoendesha limeharibika pia, na kipuri kinangojewa kutoka Tabora. Hilo nalo lilimzuia.


Kalemie, 11 Desemba 1978

Mama Assumani,

Barua moja, sababu mbili! Kama ni homa, lori linaingia namna gani? Muntu mugonjwa anahitaji kipuri cha lori kwa kuvuka maji?

Nisikilize. Jana ameshuka hapa Mama Pétronille, ule anayeuza vitenge. Anasema alimuona Assumani kwa macho yake, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, pale gare ya treni ya Kigoma. Hakuwa mugonjwa. Alikuwa juu ya lori, lori yenyewe imepandishwa kwa behewa, na yeye na wenzake wanaimba. Wanawake wanawapigia vigelegele! Anasema Assumani alikuwa anacheka na meno yote.

Sasa ninakuuliza kama muntu na akili yake: kijana anapigiwa vigelegele, anaimba, anapanda treni, siku chache kabla ya harusi yake, anaenda wapi? Hapa mutaani watu wamekwisha kujibu. Wanasema ameoa Tabora. Angélique analia jikoni. Mosi halii, anafagia tu. Uwanja ule unafagiliwa mpaka udongo umeanza kuisha.

Iko kijana ingine, karani katika kiwanda cha nguo, anaitwa Cyrille lakini amesilimu mwaka jana. Amekuja mara tatu kunisalimia, na mimi sikumbuki kama tulikuwa na mazoea ya kusalimiana. Kama sipati ukweli kwa meli inayofuata, ngombe ule ataliwa katika harusi ya karani.

Na ngombe ananikondesha mimi kuliko yeye. Amevunja lupango, ule ua wa jirani, mara mbili.

Ramazani


Ujiji, 20 Desemba 1978

Papa Mosi,

Sawa. Nitakwambia, na ukishasoma, fanya utakavyoona.

Hajaoa Tabora. Amekwenda vitani.

Najua mnasikiliza redio huko, lakini labda hamkufuatilia. Kule mbali kaskazini, ng'ambo ya Ziwa Victoria, iko nchi ya Uganda. Mtawala wake alituma majeshi yake kuingia kwetu. Kisha akatangaza redioni kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni mali yake, na mto ndio mpaka mpya. Wamechoma nyumba, wamechukua ng'ombe, watu wamekimbia na kuacha chungu motoni. Serikali yetu ikasema itampiga. Basi kila lori zuri likachukuliwa, hapa Kigoma kama kwingine, na lori la tajiri wa Assumani likachukuliwa pia. Wakasema lori haliendi bila dereva.

Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini lipo jambo linaloniuma mimi, ndilo lililonifanya niseme homa.

Walikuwa wamewapanga madereva kwenye uwanja, na afisa anapita akiuliza mmoja mmoja: "Wewe raia?" Nilikuwa nimempelekea Assumani chakula, nimesimama nyuma yake. Alipofikiwa, nikajitokeza mimi. Nikasema, "Afande, huyu si raia. Huyu nimemzaa Albertville, ng'ambo, siku hizi wanapaita Kalemie. Tulikimbilia hapa."

Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Akamtazama Assumani, akasema, "Kama ni hivyo, unaweza kwenda nyumbani, kijana. Tutatafuta mtu mwingine wa kuendesha."

Assumani akageuka. Papa Mosi, tangu nimzae hajanitazama vile. Akasema, "Mama, nyamaza." Halafu akamwambia afisa, "Huyu mama amechanganyikiwa kwa hofu. Mimi ni raia."

Wenzake wakampigia makofi. Nami nikaonekana mwehu mbele ya mji mzima.

Nilimfuata mpaka stesheni. Nikamuuliza, "Na Mosi je?" Akasema, "Mwambie ni wiki chache. Tunawarudisha kwenye mpaka wao, tunarudi." Akaniambia nisiandike neno la vita kwenye barua inayovuka, kwa kuwa wanasema barua zinafunguliwa. Nami niliona aibu. Ningekuambiaje kwamba mwanangu alipewa ruhusa ya kuja kuoa, akaikataa?

Sasa umejua. Karani mwambie angoje, au usimwambie. Siwezi kukulazimisha.

Zabibu


Kalemie, 9 Januari 1979

Mama Assumani,

Nimekaa na barua yako siku nyingi, sababu kila nikichukua kalamu ninaandika matusi.

Neno moja! Alitakiwa kusema neno moja tu, na mama yake alikuwa amekwisha kulisema. Angekuwa hapa sasa anakula nyama. Lakini hapana, yeye njo muntu wa kurudisha muto kwa mahali pake!

Mimi nimechoka na hii maneno ya mipaka, Mama Assumani. Nimechoka kabisa. Mwezi wa tano wa mwaka jana tulikuwa na vita yetu, kule Kolwezi, inchi yetu wenyewe ya Shaba. Wale waliotoka Angola walisema wanarudi kwao. Serikali ilisema wale ni wageni wanatunyanganya inchi. Kila muntu alikuwa na haki, kila muntu alikuwa na bunduki. Mwana wa dada yangu alikuwa kule, kazi yake kufunga mabehewa. Hakuwa wa huyu wala wa ule. Alikuwa anafunga mabehewa. Mupaka leo hatujui alizikwa wapi.

Ninaona inaanza namna moja kila siku. Kwanza njo maneno ya redio: pale palikuwa petu, babu yetu alipaacha kidogo tu. Kisha askari wanatumwa eti kulinda. Kisha ngombe moja inapotea, na ngombe ile inageuka kuwa taifa nzima. Halafu wanakuja kutafuta madereva. Na wale waliosema maneno ya kwanza kwa redio, hakuna hata moja anaendesha lori!

Ninamupenda Assumani, ndiyo maana ninakasirika hivi. Kama singemupenda ningemupa karani ngombe na kulala.

Ngombe amekwisha. Siku ya mwaka mupya alikata kamba, akakimbia, akaanguka katika mufereji karibu ya soko na kuvunja muguu. Imamu alifika anapumua kama yeye njo aliyekimbizwa, akamuchinja pale pale. Mutaa wote ulikula. Watu wananiambia, "Papa Ramazani, asante kwa karamu," na mimi ninaitikia kama mupumbavu. Mosi alikataa kula. Aliniambia, "Papa, ile ilikuwa ya harusi." Nikamuambia, "Harusi gani? Karani yuko." Akaniambia, "Mwambie karani aende akafunge mabehewa." Mutoto nimezaa mimi!

Kuna habari ya Assumani? Wiki chache zimekwisha kuwa miezi.

Ramazani


Ujiji, 25 Februari 1979

Papa Mosi,

Nilisikitika kusoma habari ya mwana wa dada yako. Mungu amrehemu popote alipo.

Lakini usiniandikie tena kana kwamba mwanangu alikwenda kucheza. Unasema wote wana haki na wote wana bunduki. Hapa wamepita watu wawili kutoka huko Kagera, mke na mume, wanatafuta ndugu. Yule mama amebeba mlango. Ndiyo, mlango wa nyumba yake, ndio kitu pekee kilichobaki, na hana nyumba ya kuutia. Nilimpa uji. Sikuweza kumwambia kwamba mipaka yote ni upuuzi. Ungeweza wewe?

Na bado nina hasira kama wewe. Nina hasira mpaka nashindwa kusali sawasawa. Nikienda duka la ushirika wananipitisha mbele ya foleni: "Mpisheni mama wa mpiganaji." Napewa sukari ambayo sikuiomba. Nani aliwaambia nataka sukari?

Sasa habari. Barua ya Assumani imefika, imetoka Bukoba, imechakaa kama imefuliwa. Nakunukulia maneno yake: "Mama, tumefika mtoni. Daraja walikuwa wamelivunja, tukavuka kwa lingine lililojengwa na jeshi. Vijiji vya huku havina mtu wala kuku. Nimepakia watu waliokufa, sitakuandikia zaidi. Tuliambiwa tukifika mpakani basi. Tumefika, nikageuza lori litazame nyumbani. Kesho yake wakasema ligeuze tena, tunavuka, kwa sababu tukiwaacha karibu watarudi. Sasa tuko ndani kwao. Huku nako watu wanakimbia na kuacha chungu motoni. Mwambie Mosi anisamehe. Mwambie sikuikimbia harusi."

Umeona? Walichukua mtoto wangu ili arudishe mpaka mahali pake, na sasa wameupita. Nilimuuliza katibu wa tawi, "Ndugu, mpaka wa huko mwishowe uko wapi?" Akasema, "Mama, mambo ya vita waachie wanaojua." Nikamwambia ninayemjua mimi ni mmoja tu, naye ameligeuza lori mara mbili.

Zabibu


Kalemie, 22 Machi 1979

Mama Zabibu,

Mosi yuko kwako? Kama yuko, mufungie ndani, na usimufungulie mpaka nimepata jibu lako!

Ulipoandika yale maneno ya Assumani nilikosa akili, nikamusomea. Alisikiliza, akasema asante papa, akaenda kuosha masahani. Juma moja nyuma yake, asubuhi, meli inajiandaa kuondoka. Wanapanda wanawake wa chumvi, wamejifunika kwa sababu ya upepo, mimi ninawasalimia, safari njema mama, safari njema. Kengele ikalia. Nikafungua kamba. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii! Meli imekwisha kuacha ukuta, moja wa wanawake wale anafunua uso, ananiangalia. Mosi.

Nilipiga kelele. Nilimuita jina lake mbele ya watu wote wa bandari. Akainua mukono. Wenzangu walidhani ninaaga, nao wakaanza kupunga mikono!

Nikarudi nyumbani ninakimbia. Angélique anachambua mchele. Nikamuambia, "Mosi amekwenda!" Anaendelea kuchambua. Nikamuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilimupa vitenge viwili na mukeka." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe ungekataa." Njo majibu yangu hayo. Nyumba nzima ilijua, hata jirani mwenye matembele alijua.

Binti hajaolewa, amevuka kwenda kwa inchi ya vita, kukaa kwa mama ya muntu ambaye hatujui kama ni muzima. Wewe ni mama, wewe ulikuwa wa kwetu. Murudishe.

Ramazani


Ujiji, 16 Aprili 1979

Papa Mosi,

Mosi yuko hapa, mzima, hana homa wala jeraha. Siwezi kumfungia ndani, maana ndiye anayeamka wa kwanza na ufunguo amekwishauchukua. Anakaanga samaki wa mikebuka na kuuza pale kwa wavuvi. Usiku analala na mimi kitanda kimoja. Heshima yake na yako ziko salama.

Nilimwambia, "Mwanangu, baba yako anaumia." Akasema, "Mama, hata mimi naumia, lakini kule kila mtu alikuwa ananitazama kama sahani iliyovunjika. Hapa angalau tunamngoja wawili."

Anasema kweli, Papa Mosi. Nilikuwa nimemngoja peke yangu miezi mitano.

Wiki iliyopita mji mkuu wa Uganda umetekwa na yule mtawala amekimbia. Hapa walicheza ngoma barabarani mpaka vumbi likaingia kwenye vyungu. Walikuja kunichukua nicheze, nikafunga mlango. Mosi alikaa chini, akaziba masikio. Tangu barua ya Bukoba hatujapata neno. Dereva mmoja aliyerudi anasema waliachana karibu na mji unaoitwa Masaka, baada ya hapo hamjui.

Lipo jingine, na hili linahitaji akili yako. Balozi wa nyumba kumi amekuja kuuliza huyu binti ni nani. Wakati huu kila mgeni anatiliwa shaka. Nikasema ni mke wa mwanangu. Akaomba cheti. Nikasema cheti kiko kwa mwanangu vitani. Akaondoka, kwa heshima ya mama wa mpiganaji, lakini atarudi, na wakijua hajaolewa watamrudisha kwa askari, si kwa meli ya kawaida. Sitaki apite mikononi mwao. Nipe muda nimlete mwenyewe, au Mungu atupe habari.

Zabibu


Kalemie, 8 Mei 1979

Mama Zabibu,

Mwache akae kwanza. Siyo kwamba nimekubali, usimwambie nimekubali. Ninasema tu akae.

Karani ameoa. Ngoma zao zilipita mbele ya mulango wangu.

Hapa nyumba imekuwa kubwa. Uwanja hakuna muntu anaufagia vile. Angélique na mimi tunakula, kisha yeye anasema, "Labda leo wamepata barua," na mimi ninasema, "Labda."

Mwambie ajifunike asubuhi akienda kwa wavuvi, upepo wa kwenu unaingia kifuani.

Ramazani


Ujiji, 3 Septemba 1979

Papa Mosi, mkwe wangu,

Assumani amerudi.

Usishangilie kabla hujamaliza kusoma. Amerudi na mguu mmoja. Lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani, mbele ya Masaka, mwezi ule ule tuliopata barua yake. Alilala hospitali kule Mwanza muda wote huu, ana mikono mizima, ana kalamu, na hakutuandikia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakutaka tumpokee kabla hajaamua kama atakuja.

Aliingia uani mchana, kwa magongo, na mfuko mgongoni. Mosi alikuwa anakaanga samaki, amempa mgongo. Mimi nilikuwa mlangoni. Assumani akasimama, akauliza kama mtu anayeuliza njia: "Huyu anafanya nini hapa?"

Mosi akageuka. Akamtazama uso, akatazama chini, akarudi usoni. Akasema, "Nakaanga samaki. Kaa."

Alikaa. Alikula. Nikadhani sasa tutalia pamoja, yaishe. Lakini alipomaliza kula akasema, "Mama, mtafutie nafasi kwenye meli. Arudi kwao. Mimi si yule waliyemwahidi. Siwezi kuendesha, sina kazi, na usiku sifai kulala karibu na mtu, napiga kelele."

Hapo ndipo Mosi alipopandisha hasira, Papa Mosi, na nikajua kweli ni damu yako. Akaondoa sufuria jikoni kwa kishindo. Akasema, "Serikali ilikuuliza mara moja, ukasema ndiyo, mama yako akiwa amesimama nyuma yako. Mimi nimepaka hina, nimengoja, nimevuka ziwa nimejificha kati ya wanawake wa chumvi, nimemwachia baba yangu aibu mbele ya bandari nzima. Na mimi umeniuliza nini? Hujaniuliza kitu! Umetoa amri tu."

Assumani akasema, "Nakuhurumia."

Mosi akasema, "Wahurumie samaki."

Akalia huyo mwanangu. Tangu ateremke kwenye treni hakuwa amelia. Mimi niliwaacha, nikaenda kwa jirani kukaa tu.

Sasa maneno ni haya, na balozi bado anangoja cheti. Amekubali, kama wewe utakubali. Anasema hatafunga ndoa kwa hila nyuma yako, na Mosi naye anasema bila baba yake hataki. Njoo, Papa Mosi. Njoo na Mama Angélique. Assumani hawezi kuja huko. Aliulizia kibali, akaambiwa mtu aliyekuwa jeshini haruhusiwi kuvuka bila ruhusa kutoka juu, na hao wa juu hawajibu barua.

Na kama baada ya kusoma habari ya mguu umebadili moyo, andika wazi. Nitamleta Mosi kwa mkono wangu na sitakulaumu.

Zabibu


Kalemie, 1 Oktoba 1979

Mama Zabibu,

Kwanza mambo ya muguu. Nilimuahidi binti yangu kwa Assumani mwana wa Zabibu. Sikumuahidi kwa muguu wala kwa lori. Mwambie hivyo, na umwambie ninamukasirikia kwa kuniona kama muntu wa kuhesabu miguu. Kelele za usiku, Mosi amelala nyumba moja na Angélique anayekoroma, atazoea.

Pili, siji. Soma vizuri, sikatai, ninasema siji. Nilikwenda kwa biro, ofisi ya bandari, kuomba karatasi ya kuvuka. Shefu wangu wa kazi aliniuliza sababu. Nikasema harusi ya binti yangu. Akauliza anaolewa na nani. Mimi na mudomo wangu nikasema ukweli. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Citoyen, raia wetu, unataka kwenda kwa askari wa inchi ingine?" Nikasema, "Ninataka kwenda kwa binti yangu." Akasema, "Mufanyakazi wa bandari, anayejua kila meli yetu, anaenda kwa askari wa Tanzania. Wale wamekwisha kupindua serikali ya jirani moja. Leo harusi, kesho nini?" Nikamuambia ule askari ana muguu moja na anakula samaki wa binti yangu. Hakucheka. Nilirudi mara nne. Mara ya mwisho alisema nikirudi tena nitapoteza kazi na kitu kingine juu yake.

Njo namna gani, Mama Zabibu? Vita ilikuwa ya Kagera. Mimi muto ule sijauona. Sijui hata kama ni mupana. Na leo unapita katikati ya uwanja wangu.

Nimekwenda kwa imamu, nimemulilia, simufichi muntu. Ameniambia baba anaweza kutoa sauti yake kwa muntu mwingine kwa barua, na ndoa inakuwa halali kana kwamba baba mwenyewe ameketi pale. Yeye ameweka sahihi yake chini pamoja na mashahidi wawili. Basi, msomeeni sheikh wa kwenu, Maalim Sadiki ambaye imamu wetu anamujua, haya:

Mimi Ramazani, baba muzazi wa Mosi, mwenye akili timamu, bila kulazimishwa na muntu, ninamupa Maalim Sadiki wa Ujiji uwakili wangu amuozeshe binti yangu Mosi kwa Assumani, kwa mahari ile tuliyopatana, sibadilishi neno. Sauti yake pale ni sauti yangu. Akisema nimemuozesha, ni mimi nimesema.

Ijumaa ya tarehe 19 mwezi huu fanyeni, baada ya sala. Saa ile Angélique na mimi tutavaa nguo za harusi na kuketi ndani. Casimir ameahidi kushuka. Nimemukataza kuleta ngombe.

Harusi ikiisha kuna maneno mawili ya kuniandikia, na yasichelewe. Mama yake anataka kujua alivaa nini. Mimi ninataka kujua kama alilia.

Ramazani, baba ya Mosi